Ngamia Sita Ndani ya Injini

Kaka wa mama yangu aliinywesha pikapu yake oili kama alivyokuwa akinywesha ngamia, yaani mpaka mnyama mwenyewe akatae. Ngamia akitosheka huinua kichwa kutoka kwenye birika, maji yakimchuruzika midomoni, akakutazama kama bibi harusi aliyeulizwa swali la kipuuzi. Hapo unajua basi. Injini haiinui kichwa. Ukiimiminia lita nane itazipokea zote nane, na nina hakika ukiimiminia mto Tana wote itaupokea pia, kisha itakulipiza kisasi barabarani mbele ya watu unaowaheshimu.

Kwetu kaka wa mama huitwa abti, naye humwita mtoto wa dada yake abti vilevile. Neno linakwenda na kurudi. Kwa hiyo mkisikia katika habari hii abti akimjibu abti, msichanganyikiwe: mmoja ni mzee mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, na mwingine ni mimi, muuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa.

Pikapu hiyo ilikuwa ngamia sita. Ukame ulipomaliza kundi lake kule Hulugho, abti alibaki na sita wanaoweza kusimama. Hakungoja walale. Aliwaswaga kwa miguu hadi Garissa wangali na nyama mgongoni, akawauza, na kwa kilichopatikana akanunua pikapu ya dizeli iliyokuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya walimu wangu. Watu wakamcheka. Yeye akasema tu, "Hii haili majani." Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Alijifunza kwa wiki moja katika uwanja ulio wazi nje ya mji, na kuna kichaka kimoja cha mathenge alichokigonga mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo hakichipui upande ule.

Tangu hapo tukawa wenzi wa kazi. Mara tatu kwa wiki tulikwenda Bura ya Fafi kuchukua maziwa kwa akina mama wanaokama huko, tukayaleta mjini katika mitungi ya manjano iliyofukizwa moshi, na mimi nikayauza kwa jagi. Abti aliitunza pikapu kwa elimu aliyokuwa nayo, nayo haikuwa ndogo. Asubuhi aliyakagua magurudumu kama nyayo, akichomoa miiba ya mgunga kwa kisu. Kipima kilomita kilikuwa kimekufa zamani, basi akaning'iniza kamba kwenye kioo cha mbele, na kila safari akapiga fundo. Mafundo yakifika thelathini, oili inabadilishwa. Fundi wetu, mtu wa makamo kutoka Mwingi mwenye gereji ya mabati karibu na stendi ya malori, alisema hesabu hiyo haina kasoro, hasa kwa vumbi letu.

Kasoro ilikuwa katika kunywesha kwenyewe. Siku ya kubadilisha oili abti hakumruhusu fundi kumimina. Alimimina mwenyewe kwa jagi la lita moja, huku akiimba. Mchunga ngamia wa Kisomali hanyweshi kimya kimya. Kisimani kila kundi lina wimbo wake, na ngamia hunywa kwa wimbo kama mtoto anavyolala kwa wimbo. Abti alikuwa na ubeti mmoja kwa kila ngamia kati ya wale sita. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mwekundu aliyetangulia njiani. Wa pili wa mweupe, mama wa wengine. Wa tatu wa kijivu mwenye sikio lililochanika, wa nne wa mkorofi aliyewahi kumng'ata mjumbe wa nyumba kumi, wa tano wa mwenye kovu, wa sita wa mwana wa yule mweupe, mdogo, mwenye miguu mirefu kama nguzo za simu. Ubeti mmoja, jagi moja. Kisha, kwa kuwa mweupe na mwanawe ndio aliowapenda kuliko wote, aliwarudia.

"Mzee, inatosha," fundi alimwambia kila mara.

Abti alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe fundi, nyamasa. Bikabu nakwenda mbali. Anayekwenda mbali hanyimwi."

Fundi angechomeka kijiti cha kupimia oili ubishi uishe, lakini nani angethubutu kumkatiza mtu akimwimbia ngamia aliyemuuza. Hata mimi sikuthubutu, na mimi sina haya.

Kisha ikaja asubuhi tuliyoingia sokoni tukiwa ndani ya wingu. Moshi wa buluu ulitoka nyuma ya pikapu mzito kiasi kwamba, wallahi, wafugaji wa Lafey kule mpakani waliuona wakatandika ngozi nje kungoja mvua. Akina mama wenzangu wakafunika mitungi kwa mitandio.

"Abaayo, dada yangu," mmoja akaniita, yule wa meza ya pili ambaye ulimi wake unaweza kunyoa kondoo. "Leo mmeleta maziwa au mmeleta treni?"

"Nimeleta maziwa ya kufukizwa," nikamjibu. "Yenu mlifukiza mtungi tu. Sisi tumefukiza barabara nzima."

Walicheka, nami nikacheka, lakini abti hakucheka. Tulikwenda moja kwa moja kwa fundi. Akalala chini ya gari, akatoka na vidole vyeusi.

"Sili zinavuja, hii mipira ya kuzuia oili," akasema. "Mzee, sikiliza. Huko chini kuna chuma kinachozunguka. Oili ikizidi, kile chuma kinaipiga kama mama anavyotikisa maziwa kwenye kibuyu. Inakuwa povu. Povu halilainishi kitu, na oili nyingine inapanda inaungua, ndiyo huu moshi. Ukiendelea kuijaza hivi, hii injini inakufa."

"Ikikufa, nabata ingine?"

Fundi akafuta vidole polepole. "Ya zamani namna hii? Hapana, mzee. Ikifa hii, gari limekwisha."

Abti aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Nilimfahamu. Alikuwa amepoteza kundi mara moja, na sita wa mwisho aliwaokoa kwa kuwageuza chuma. Sasa anaambiwa amewaua kwa kuwanywesha. Aliendesha polepole mpaka nyumbani, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Hapo nikaingia mimi na elimu yangu.

Ni lazima nieleze elimu yenyewe. Nilianza gumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto watatu na kidole gumba nilichokuwa nikitumia kama sahihi. Nikaendelea darasa la jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Cheti hicho nimekitundika juu sana ukutani, ili mgeni asikione bila kuinua shingo. Tangu nikipate, hakuna karatasi inayopita mbele yangu bila kusomwa: dawa za mifugo, mifuko ya unga, barua za majirani. Nikakumbuka kwamba nyuma ya kiti cha pikapu kulikuwa na kitabu cha gari, kimeliwa na panya pembeni, kwa Kiingereza. Nikakitoa, nikakisoma na kamusi pembeni mara elfu moja, yaani mara nne.

Kulikuwa na jedwali la vinywaji vyote vya gari: maji ya rejeta, oili ya gia, oili ya injini. Kidole changu kikateremka taratibu. Injini, pamoja na filta: lita nne na nukta tatu.

Nilimwita abti nikamsomea kwa sauti ya mkuu wa wilaya.

"Nne?" akauliza. "Mimi nilikuwa nikiipa nane."

"Ulikuwa ukiipa mara mbili, abti. Ndiyo maana ikawa inatapika."

Akainamisha kichwa. "Aliyesoma amesema," akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nikavimba mpaka mlango ukawa mdogo.

Siku iliyofuata fundi alikuwa ameondoka ghafla kwenda kwao Mwingi kwenye mazishi. Maziwa hayangoji mazishi. Tukaazima spana na karai, tukamwaga oili yote wenyewe, abti akafunga filta mpya kwa mkono. Nikatwaa jagi langu kuukuu la lita moja, lililovunjika mpini. Nikamimina mimi. Abti akasimama pembeni akiimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayeimba katika nyumba ya wageni. Mwekundu, mweupe, kijivu, mkorofi. Nilipofika theluthi ya jagi la tano, yeye akiwa ndiyo kwanza amemtaja mwenye kovu, nikainua mkono.

"Basi."

"Sijamaliza."

"Kitabu kimemaliza."

Akatazama kile kijiti cha kupimia, kimechomeka pale pembeni mwa injini. "Na hiki? Fundi husema hiki ndicho kinachosema."

"Abti, kijiti hakina cheti," nikamwambia. Nilicheka peke yangu. Yeye akafunga boneti kwa adabu. Oili mpya iliyobaki aliibeba akaondoka nayo, nami sikuuliza inakwenda wapi.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri tukaondoka. Pikapu haikutoa moshi hata wa sigara moja. Mpaka Bura nilikuwa nikiisifu elimu ya watu wazima. Tukapakia maziwa, tukanywa chai, akina mama wa kule wakatuombea njia njema, tukageuza. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kukaanga yai juu ya boneti, na kama tungekuwa na kuku ningekaanga.

Tulikuwa tunashuka kwenye bonde la mchanga, mahali ambapo barabara huinama kisha ikapanda, taa nyekundu ilipowaka mbele ya abti. Ikazimika. Ikawaka tena. Abti akainua kichwa, akatega sikio.

"Anakoroma," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Sikiliza. Hivi ndivyo ngamia anavyokoroma kiu ikimfika kooni."

"Ni upepo, abti. Sisi tumeipa kipimo halisi kabisa, kipimo ambacho hata wizara ya elimu..."

Hakuningoja niifikishe wizara ya elimu mahali popote. Alizima injini palepale, akaliacha gari liteleze kidogo, akavuta breki likasimama kwenye mteremko. Kukawa kimya. Nyuma yetu maziwa yalichezacheza ndani ya mitungi, kisha nayo yakatulia.

Abti akafungua boneti, akachomoa kijiti, akaniletea mlangoni. Ncha yake tu ndiyo ilikuwa na unyevu, kama kope za mtu aliyelia zamani. Alama zilizo juu yake zilikuwa kavu.

Nikatoa kitabu. Nilifikiri juu ya ngamia sita, na jinsi nilivyosimama nikasema basi. Nikatafuta jedwali, nikaweka kidole kwenye nne na nukta tatu, na mara hii, badala ya kuteremka, nikapandisha kidole mpaka juu ya safu. Pale juu paliandikwa neno ninalolijua hata usingizini. Petroli. Kando yake kulikuwa na safu nyingine, imetafunwa nusu na panya lakini inasomeka. Dizeli. Na sisi kila siku tunatia dizeli. Mimi mwenyewe ndiye ninayeshika kifuniko.

"Abti," nikasema.

"Haa."

"Nimesoma safu ya jirani."

"Jirani yupi?"

"Kitabu ni cha magari mawili. Moja la petroli, moja la dizeli. Nimesoma la petroli."

Nilingoja anikumbushe kijiti na cheti. Ningekuwa mimi ningemkumbusha mpaka Idi.

"Mimi nilimpasua tumbo," akasema mwishowe, "wewe ukamkausha koo. Mnyama huyu ana subira." Kisha akauliza, "Hilo letu linasema ngapi?"

"Sita. Pamoja na filta."

Akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, midomo ikimchezacheza, nikadhani anaomba dua kwa ajili ya injini. Alikuwa anahesabu beti.

"Sita," akasema. "Jana ulinikata kwa wa tano. Mwenye kovu alikunywa mafunda mawili tu. Mdogo hakunywa kabisa."

Mimi, mwenye cheti, nilikaa kitini mdomo wazi kama rejeta isiyo na mfuniko. Mzee huyu alikuwa na kipimo mdomoni miaka yote. Wimbo wake ulikuwa na lita sita kamili. Zilizoharibu ni zile mbili za mapenzi.

"Sasa tutapata wapi oili?" nikauliza. "Hapa hata duka la chumvi hakuna."

Abti akaenda nyuma, akasogeza mitungi ya maziwa, akatoa dumu dogo lililofunikwa kwa gunia. Ile oili iliyobaki.

"Hukuniamini," nikasema.

"Nilikuamini. Lakini mchunga ngamia hatoki nyumbani bila maji ambayo mkewe hajui yalipo."

Alitaka kumimina papo hapo, nikamzuia, na safari hii nilikuwa na haki. Kitabu kilikuwa na ukurasa mwingine niliouruka kwa majivuno: gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, usubiri oili ishuke, ndipo upime. Tulikuwa kwenye mteremko. Abti akalegeza breki ya mkono, pikapu ikajiteremkia yenyewe hadi chini bondeni, ambako udongo mkavu ulikuwa umelala sawa kama mkeka. Tukasubiri kiasi cha kunywa kikombe cha chai. Chai hatukuwa nayo, basi tukanywa maziwa ya biashara. Yule wa meza ya pili asiambiwe.

Nikafuta kijiti kwa ncha ya mtandio wangu, nikamwonyesha abti zile alama mbili.

"Hii ya chini ni magoti," nikamwambia. "Oili ikiwa hapa, ana kiu. Hii ya juu ni shingo. Ikifika hapa ameinua kichwa. Ikipita, umemlazimisha."

Akakishika kijiti, akakigeuzageuza juani. "Kwa nini hukuniambia hivi tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilikuwa nimesoma."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya moshi. Nikashika jagi. Nikampa mwenye kovu haki yake iliyobaki, abti akaimba ubeti wake tangu mwanzo kwa kuwa hakupenda kuudandia katikati. Nikachomeka kijiti, nikachomoa. Tumepita magoti, shingo bado. Nikajaza jagi la mwisho. Abti alimwimbia mdogo polepole, na mimi nikamimina polepole, uzi mwembamba wa dhahabu ukishuka, mpaka ubeti ukaisha na jagi likaisha. Tukangoja. Nikafuta, nikachomeka, nikachomoa. Oili ilikuwa imesimama juu ya alama ya juu, sawasawa, kana kwamba mtu ameichora.

"Ameinua kichwa?" abti akauliza.

"Ameinua."

Akasema bismillahi, akawasha. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika, haikurudi. Hakuondoka mara moja. Alishuka akalaza sikio juu ya boneti, lililokuwa na joto la tanuri, akalilaza hapo muda ambao sikio langu lingekaangika kama nyama ya nyirinyiri. Aliporudi upande mmoja wa uso ulikuwa mwekundu.

"Yupo," akasema, tukaenda.

Tuliingia sokoni tumechelewa. Wa meza ya pili akatazama nyuma ya pikapu, akatafuta moshi, hakuuona, akasikitika.

Fundi aliporudi kutoka Mwingi tulimpelekea gari kabla hata hajapumzika. Tukampa pole ya msiba, kisha tukamsimulia yote, mimi nikieleza sehemu yangu kwa sauti ya chini kidogo. Akawasha, akazima, akasikiliza, akapanda barabarani akarudi.

"Taa ilipowaka mlikwenda umbali gani?"

"Hakuna umbali," nikasema. "Alizima kabla sijamaliza sentensi."

"Wengi hutaka wafike nyumbani kwanza," fundi akasema. "Hao ndio huniletea injini kwenye gunia." Akampigapiga abti begani. "Imepona, mzee. Nabadilisha hizi sili, basi. Ni wewe umeiokoa."

Abti akajibu, "Ngamia akikoroma huwesi mwambia tembea."

Tangu siku hiyo mafundo mengi yamepita. Nimeandika sita kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, tarakimu kubwa inayoonekana kutoka mwezini. Abti hasomi tarakimu, kwa hiyo chini yake amechora alama yake ya ukoo, ile aliyokuwa akiwapiga ngamia kwa chuma cha moto, mara sita katika mstari mmoja. Kila fundo la thelathini tunakwenda kwa fundi. Fundi anamimina, abti anaimba, na ubeti wa sita ukiisha anaweka kiganja juu ya mdomo wa injini. Mimi nashika kijiti, maana tumekubaliana kwamba wimbo ni wimbo na kitabu ni kitabu lakini kijiti ndicho kina neno la mwisho. Mpaka leo hakijatupinga.

Siku moja nilimuuliza, "Na wale wawili, mweupe na mwanawe? Huwarudii tena?"

Akafunga boneti pale gereji, tukaondoka. Tulipotoka mjini, barabara ya Bura ikanyooka mbele yetu, akateremsha kioo upande wake, akaanza ubeti wa mweupe, kisha wa mdogo, kwa sauti yake yote, mikono miwili kwenye usukani, bila kumimina chochote.